Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Matuta, Milima ya Uluguru, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi; Mheshimiwa Diwani; Ndugu Afisa Ugani wa Kata; wazee wetu, mabibi na mabwana:

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kuliacha gari barabarani ukamalizia mlima kwa miguu, maana mashamba haya hayaonekani dirishani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, matuta si jambo geni katika milima hii, wala hayakuanza vizuri. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha babu zetu kuchimba matuta ya ngazi, kazi iliyofukua udongo wa chini usio na rutuba, na mwaka 1955 hasira zikazaa ghasia kule Matombo. Wapo wazee ambao hadi leo wakisikia neno hilo hununa, na hatuwalaumu. Sisi tulianza kwa hiari, kwa njia ya fanya juu: mfereji huchimbwa kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, udongo wake hutupwa upande wa juu, na tuta hupandwa majani ya guatemala, yanayoshika udongo na kulisha mbuzi.

Mezani mbele yako zipo chupa mbili za maji tuliyokinga siku moja ya masika, moja chini ya shamba lililochomwa moto na kulimwa bila matuta, nyingine chini ya shamba lenye matuta na matandazo, yaani majani yanayofunika udongo. Katika ile ya kwanza tope lililotuama limefika vidole vitatu. Katika ya pili halifiki ukucha. Tope hilo huishia Mto Ruvu, ambao maji yake husafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwa ajili ya wakazi wa Dar es Salaam. Maji yaliyozuiwa na tuta, kwa upande wake, hupata muda wa kuzama ardhini, na sehemu yake huzilisha chemchemi wakati wa kiangazi.

Kuhusu hali ya hewa tunaomba kusema kwa uangalifu. Wapo wanaotusifu kwamba tumeleta mvua. Kikundi hakidai hivyo. Mvua yetu huletwa na pepo za Bahari ya Hindi zinazopandishwa na mlima, ndiyo maana mteremko wa mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali wa magharibi hupata kidogo. Kilichobadilika ni hali ya shamba lenyewe: saa saba mchana udongo ulio wazi huunguza nyayo, lakini ukipenyeza mkono chini ya matandazo unakuta ubaridi na unyevu, na miti inapotoa mvuke hupoza hewa iliyo karibu nayo. Mvuke huo nao ni maji yaliyotoka ardhini, kwa hiyo si kila mti unafaa kila mahali. Mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi moja hapa juu inatutia wasiwasi, hasa kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi wake, ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji.

Changamoto kubwa ni nguvu kazi, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya akina mama. Nyingine ni umiliki: ardhi yetu nyingi ni ya koo, na anayelima shamba la kuazima hachimbi tuta ambalo mwakani litamfaidia mwingine.

Tunaomba ofisi yako itusaidie kukaa na wazee wa koo ili mikataba ya kuazimana mashamba iwe ya miaka mingi. Suala la mikaratusi lifuatiliwe. Na watumiaji wa maji walio bondeni washirikishwe kuchangia majembe na miche, kama ilivyofanyika kwa wenzetu wa Kibungo Juu katika mpango wa mashirika ya kimataifa ya CARE na WWF ulioanza mwaka 2006.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba kuwasilisha.