Aliyepungua kilo 20 apewe pia mpango wa kutozirudisha

Mhariri,

Makala za afya husimulia kwa shangwe namna ya kupunguza kilo 20, kisha hukomea pale msomaji anapoanza kuhitaji msaada. Kilo zikirudi, mhusika huitwa mvivu au mlafi. Huko ni kumwonea.

Makadirio ya mtafiti Kevin Hall na wenzake wa Marekani ni kwamba kila kilo inayotoka hupunguza matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini huongeza hamu ya kula kwa kalori zipatazo 100. Wengi hulalamika kwamba mwili "umeacha kuchoma mafuta", kumbe mzigo mkubwa ni njaa. Leptini, homoni ya shibe, hushuka, na ghrelini inayochochea njaa hupanda. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta mabadiliko hayo hayajaondoka mwaka mzima baada ya watu kupungua.

Kwa hiyo hakuna kurudi kwenye "ulaji wa kawaida". Chakula kilichomtosha mtu wa kilo 100 kitamnenepesha akiwa na 80. Akifikia uzito anaoutaka, aongeze kalori 100 tu kwa siku, akae nazo wiki mbili huku akijipima, kisha aongeze tena mpaka uzito utulie. Protini iwe gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 96 hadi 128 kwa mwenye kilo 80 (mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza). Nusu ya sahani iwe mboga, maana nyuzinyuzi hujaza tumbo kwa kalori chache.

Mizani ndiyo wengi huikosea. Jipime asubuhi, baada ya haja na kabla ya kula, kisha tazama wastani wa wiki. Kilo moja iliyoongezeka usiku mmoja karibu kila mara ni maji: kila gramu ya wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli hushika gramu 3 hivi za maji, na chumvi nayo huongeza. Kilo ya mafuta ni kalori 7,700 hivi. Hailiwi kwa chakula kimoja cha jioni. Lakini weka mpaka mapema, kabla hujauhitaji. Wastani ukipanda kilo 1.5, rudi kuandika kila unachokula, ukifika 2.5, rudia ulaji uliokupunguza. Kinachoharibu ni kuificha mizani mara mtu anapohisi ameongezeka, akaja kuitoa kilo zikiwa tayari 8.

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo, ila husaidia sana kuulinda. Daftari la utafiti la Marekani lililoanzishwa mwaka 1994 limeandikisha watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kudumu hapo mwaka mmoja au zaidi. Kwa wastani hufanya mazoezi ya saa moja kwa siku, na zoezi wanalolitaja zaidi ni kutembea. Tunaongeza hapo siku mbili za kunyanyua vitu vizito kila wiki, kwa sababu anayepungua hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Wanaotumia sindano za semaglutide, dawa inayopunguza hamu ya kula, nao waambiwe ukweli mapema. Katika jaribio moja kubwa, mwaka mmoja baada ya kuiacha dawa, washiriki walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Uamuzi wa kuacha ufanywe na daktari, mpango wa kula na mazoezi ukiwa tayari unafanya kazi.

Na mwenye dawa za presha au kisukari asisubiri tarehe ya kliniki. Dozi iliyopangwa akiwa na kilo 100 yaweza kumshusha presha au sukari kupita kiasi akiwa na 80. Akianza kuona kizunguzungu anaposimama, kutetemeka au kutokwa jasho la ghafla, aende akapimwe siku hiyo hiyo.

Tunaomba makala yenu ijayo kuhusu kupunguza uzito iyape mambo haya nafasi sawa na zile kilo zilizotoka.

Wasomaji wenu,
Wahudumu wa lishe