Mdogo wangu, funga begi kabla masika hayajaanza

Mdogo wangu,

Juzi uliponitumia picha za chumba mlichohamia wewe na wifi, pamoja na mama na mtoto, nilifurahi. Mmepata dirisha kubwa, sakafu ya saruji, na umeme wenu wenyewe bila kugombana na wapangaji wengine. Nikaikuza ile picha ya kitanda ili nione neti mliyomfungia mtoto, ndipo nikaona ukutani, nyuma ya neti, mstari wa kahawia. Umepigwa rangi juu yake lakini bado unaonekana, umenyooka kutoka kona hadi kona, usawa wa kiuno cha mtu mzima.

Huo mstari si wa unyevu wa kawaida. Hapo ndipo maji yalipofika, yakasimama kwa muda, yakaacha tope lake. Mwenye nyumba anajua, na majirani wanajua. Sasa na wewe umejua.

Sikuandikii kukwambia uhame kesho. Najua kodi ya bondeni na kodi ya juu kwenye lami hazifanani, najua kibarua chako kiko karibu, na najua ulitafuta miezi mitatu. Nakuandikia hadharani kwa sababu wadogo zetu wengine waliopanga mabondeni hapa Dar es Salaam, Jangwani, Kigogo, Mkwajuni, Tandale na Buguruni, wana mstari kama huo nyuma ya makabati yao.

Kuna habari ya mwaka 2011 ambayo hatukuwahi kukusimulia vizuri. Ulikuwa mdogo, uko likizo kijijini kwa bibi, na uliporudi tulikwambia tu kwamba maji yaliingia ndani.

Ilikuwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 20 Desemba. Siku kumi na moja tu zilikuwa zimepita tangu nchi iadhimishe miaka 50 ya Uhuru, na bendera ndogo za karatasi zilikuwa bado zimebandikwa mlangoni kwetu Kigogo. Kilichoniamsha hakikuwa ngurumo. Zilikuwa sufuria. Zilikuwa zinagongana taratibu kule jikoni, ngo, ngo, kama mtu anaziosha gizani. Niliposhusha mguu nikakanyaga maji. Hayakuwa yamepita mlango wa mbele. Yalipandia chooni, uani, yakaingia kwa nyuma kimyakimya na uchafu wote wa choo.

Mama alikuwa amesimama juu ya kitanda, kajifunga kanga mbili. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anatafuta ufunguo wa sanduku la bati. Unalikumbuka lile sanduku la kijani. Humo ndimo kulikuwa na vyeti vyetu vyote, karatasi za kiwanja cha Mkuranga na picha za harusi yao. Ufunguo siku zote ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango, ila usiku ule haukuwepo. Baba akapapasa juu ya kabati, akageuza mito, akaniuliza mimi, akamuuliza mama, akarudi tena kwenye msumari uleule kama vile ufunguo ungejirudisha. Alipoanza kutafuta maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Alipokata tamaa yalikuwa mapajani.

Mwisho akalibeba sanduku zima kichwani. Pale kizingitini akateleza, na ilibidi achague mkono wake umshike mama au ushike sanduku. Alimshika mama. Nililiona likizunguka mara mbili kwenye mwanga wa tochi ya jirani, likapita nyuma ya choo, basi. Jirani huyohuyo ndiye aliyetuvusha kwa kamba ya kuanikia nguo hadi kwenye nyumba ya juu. Baba mwingine wa mtaa wetu tuliyevuka naye alirudi kufuata televisheni, na alizikwa wiki ile. Katika mafuriko yale jiji lilipoteza watu wapatao 40, na wataalamu wa hali ya hewa walisema mvua kubwa kiasi kile haijawahi kunyesha Dar es Salaam tangu mwaka 1954.

Kila mtu hunisikitikia kuhusu vyeti. Ni kweli nilizunguka maofisini karibu miaka miwili. Lakini kinachonikosesha usingizi hadi leo ni zile dakika za ufunguo. Watu watatu wenye miguu mizima, mlango uko wazi, mwinuko hauko mbali, na bado tulikuwa ndani tunapekua mito.

Kwa hiyo nikikwambia ufunge begi, nataka usiku maji yatakapokuja usiwe na kitu cha kutafuta. Uamuzi ufanyike mchana, kichwa kikiwa kimetulia, ili saa kumi alfajiri kazi yako iwe kubeba na kutoka.

Chukua lile begi lako la mgongoni la chuo. Usichukue sanduku wala begi la magurudumu, maana mikono yako lazima ibaki mitupu kwa ajili ya mama na mtoto. Nyaraka zitangulie: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya mtoto, kadi za bima, mkataba wa kupanga. Zitie kwenye mfuko mzito wa nailoni, ukunje mdomo mara tatu, ufunge kwa mpira, kisha uutie ndani ya mfuko mwingine. Kabla ya kuufunga, piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, unitumie. Nitazihifadhi mimi. Na usiniambie karatasi halisi unazihitaji kila siku. Ukitoa moja kwenda nayo benki, irudishe jioni hiyohiyo.

Dawa za presha za mama ziwe za siku saba, zikae kwenye begi, na kila anaponunua mpya zile za begini ndizo zianze kumezwa ili zisipitwe na muda. Andika majina ya dawa na vipimo vyake kwenye karatasi. Katika vurugu kama ile hakuna anayekumbuka kama ilikuwa ya miligramu tano au kumi. Weka na miwani yake ya zamani, inamtosha kusomea.

Pesa ziwe taslimu, tena noti ndogondogo, za elfu moja na za elfu mbili. Najua pesa zako zote ziko kwenye simu. Umeme ukikatika na minara ikizimika, wakala hana cha kukupa, na bodaboda wa usiku ule hatakuwa na chenji ya elfu kumi. Halafu chukua daftari dogo uandike kwa kalamu namba yangu, ya mjomba, ya mjumbe wenu, ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ya zimamoto ambayo ni 114 na ya polisi ambayo ni 112. Jaribu sasa hivi bila kuangalia simu: unaikumbuka namba ya wifi kwa kichwa?

Mengine unayajua: tochi na betri zake zikiwa nje ya tochi, pawabenki iliyojaa, redio ndogo, chupa mbili za maji za lita moja na nusu, tende na karanga, pakiti za ORS, vidonge vya kutibu maji, sabuni, pedi za wifi, nepi za kitambaa, kanga mbili na shuka. Tafuta pia filimbi. Mtu akipanda juu ya bati anapiga kelele dakika kumi sauti inakauka, lakini filimbi hata mtoto anaipuliza, na inasikika katikati ya mvua.

Viatu vinastahili maneno yake. Kila mtu bondeni hulala na ndala pembeni ya kitanda, na ndala ndicho kitu cha kwanza maji huchukua. Baada ya hapo unatembea peku kwenye maji meusi yenye misumari, mabati na chupa. Mama ana kovu la mwaka ule kwenye unyayo wa kushoto, mwombe akuonyeshe. Fungeni raba zenye kamba, jozi moja kwa kila mtu, mzitundike pamoja na begi kwenye ndoano ya mlangoni, juu ya ule mstari wa kahawia. Begi lisiingie uvunguni. Kabla ya mwaka 2011 na sisi tulizoea kuweka vitu vya thamani uvunguni.

Halafu kuna mto wenyewe, ambao lazima uujue kama unavyomjua jirani. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza jiji zima hadi baharini pale Daraja la Salender. Maana yake ni kwamba kwenu kunaweza kuwa na jua na nguo ziko kambani, huku maji yaliyonyesha Kisarawe yako njiani. Ukiwa na mtu unayemfahamu Pugu au Gongo la Mboto, mwombe akupigie mvua ikipiga sana huko. Na uulize wavuvi kuhusu bamvua. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu bahari hujaa kupita kawaida, na ikijaa mto haupati pa kumwaga, unarudi nyuma kwenye nyumba. Mvua kubwa pamoja na bamvua ni usiku wa kutolala nyumbani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa ngazi tatu: angalizo ambalo ni rangi ya njano, tahadhari ya rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa ambayo ni nyekundu. Watu huzipuuza kwa sababu mara nyingine zinatolewa na mvua haiji. Mimi naona afadhali nijiandae mara tano bure. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu Mei 2024, taarifa zilitangulia kabla chenyewe hakijafika Mafia, na waliozisikiliza walivuta ngalawa zao nchi kavu mapema. Basi tukubaliane hivi: ikitoka njano, unakagua begi na kuchaji kila kitu. Ikitoka ya chungwa, mama na mtoto wanakuja kulala kwangu siku hiyohiyo, mchana, kwa daladala ya kawaida. Ikitoka nyekundu nyote mnakuja, na kazini utaomba ruhusa. Sitauliza mtakaa siku ngapi. Godoro la ziada ninalo.

Lakini maji huweza kuja bila taarifa, kwa hiyo gawaneni kazi leo. Wifi anambeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, hashiki kitu kingine. Wewe unavaa begi na unamshika mama. Kabla ya kutoka unashusha swichi kuu ya umeme, ila kama maji yameshafika ilipo usiiguse kabisa, na unafunga mtungi wa gesi. Jirani anaambiwa kwa kugongewa ukuta. Mkipotezana mnakutana mahali pamoja pa juu mnapopajua wote, na mpachague nyinyi kwa kutembea hapo kwa miguu, mara moja mchana na mara moja usiku. Angalieni ni njia ipi inapanda moja kwa moja bila kuvuka mfereji. Njia fupi inayopita kwenye mfereji si njia wakati wa mvua.

Hapo nakusihi kwa jina la baba. Maji yanayokimbia yakifika sentimita 15 tu, chini ya magoti yako, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika 30 yanaweza kuinua gari dogo. Ukikuta njia imefunikwa, geuka, hata kama vijana wamesimama pale wanavusha watu kwa malipo. Kama nyuma na mbele kote kumeziba, pandeni juu mpulize filimbi.

Na ukishatoka umetoka. Usirudi kufuata friji, wala televisheni, wala mtaji wa wifi ulioko kwenye kopo. Tutachanga. Ukoo huu umewahi kuchangia mambo madogo kuliko hayo.

Maji yakishuka msikimbilie kusafisha. Tope lile lina vinyesi vya mtaa mzima, na kipindupindu hakingoji. Maji ya kunywa yachemsheni hata kama ni ya bomba, kisima kilichofunikwa na mafuriko msikitumie, na chakula kilichoguswa na maji kitupeni bila huruma, hata kama ni gunia zima la mchele. Piga picha za uharibifu kabla ya kuhamisha chochote.

Wifi aliniambia kwenye simu kwamba mwenye nyumba amesema tangu wachimbe mtaro mpya maji hayaji tena. Mtaro ni jambo jema na nawaombea ufanye kazi. Lakini wenzetu wa Katesh, kule mkoani Manyara, hawakuwa bondeni mwa mto mkubwa kama Msimbazi. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang, walioishi chini yake maisha yao yote, ulishusha tope, mawe na magogo hadi katikati ya mji, na zaidi ya watu 80 wakafa. Wengi wao walikuwa majumbani mwao, asubuhi ya kawaida.

Nakuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Nitaleta mifuko ya nailoni, filimbi mbili na raba za mama, zake nimeshanunua. Usiku tutazima taa, tutalala kama kawaida, halafu nitawaamsha ghafla na tutahesabu dakika kutoka kitandani hadi juu kwenye lami, na mama akiwemo. Tukichelewa tutarudia mpaka mama mwenyewe aseme imetosha.

Niambie wifi anavaa kiatu namba ngapi.

Dada yako