Maji yametoka safi, mbona samaki ana zebaki?

Wiki haipiti bila mtu kuingia hapa maabara na chupa ya soda imejaa maji ya mto, anaiweka kaunta anasema nipimieni zebaki, akipewa majibu anashusha pumzi, aah kumbe hamna kitu, basi tuendelee kula samaki wetu. Hapo ndo tunamwambia kaa kidogo. Majibu ya maji ni ya kweli (ile chupa ya soda ina kesi yake, tutaifikia), ila hayakwambii chochote kuhusu samaki.

Hesabu yenyewe iko hivi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 6 za zebaki kwa lita. Mto usio na kiwanda wala mgodi karibu mara nyingi una nanogramu chache tu kwa lita, na nanogramu 1,000 ndo mikrogramu moja, kwa hiyo uko chini ya kiwango mara elfu na zaidi. Samaki mkubwa wa mto huohuo, nyama yake inaweza kuwa na zebaki mara milioni ya ile ya kwenye maji.

Imepandaje? Nyingi inatoka juu. Makaa ya mawe yakiungua, dhahabu iliyokamatishwa na zebaki ikichomwa, hata volkano, mvuke unakaa hewani miezi unasafiri halafu mvua inaushusha sehemu ambayo haina hata bomba moja la moshi. Ikishatua inang'ang'ania udongo na majani yaliyooza, ndo maana mito yenye maji ya rangi ya chai mara nyingi inabeba zaidi, na siku mbili tatu za mafuriko zinaweza kusomba mzigo kuliko wiki kibao za kiangazi.

Ila mpaka hapo bado haijawa ile mbaya yenyewe. Hiyo inapikwa kwenye tope. Chukua kijiti uchokoe pale maji yalipotuama pembeni, likitoka tope jeusi linalonuka yai viza ujue hapo chini hakuna oksijeni, na kati ya bakteria wanaotoa harufu hiyo wapo wanaoigeuza zebaki ya kawaida kuwa zebaki ya methili. Jeni mbili zinazowapa uwezo huo zimejulikana 2013 tu, juzijuzi hapa. Hii ya methili inaingia mwilini kirahisi na kutoka inajivuta, kwa binadamu nusu yake inachukua kama siku 50.

Sasa ule utelezi wa kijani kwenye mawe, unaokuangusha ukivuka? Hapo ndo inaporuka juu kuliko popote, mwani unaifyonza majini mpaka inakuwa mara elfu kumi, mara laki na zaidi. Baada ya hapo ni kulana tu, wadudu wanakwangua mwani, samaki wadogo wanakula wadudu, mkubwa anawameza wadogo, na kila hatua inapanda tena mara kadhaa. Hata nchi kavu inafika, maana wadudu wachanga wa majini wakishaota mbawa wakaruka, buibui wa ukingoni wanawanasa, ndege anakula buibui.

Wengi wanauliza, je nikitoa mafuta? Wapi! Zebaki ya methili inashika protini, yaani iko kwenye mnofu wenyewe, chemsha, kaanga, ukimkausha maji ndo yanaondoka, zebaki inabaki.

Kwa hiyo tukisema lete samaki hatutafuti kitoweo. Hata EPA, shirika la mazingira la Marekani, mwaka 2001 kigezo chake cha zebaki ya methili iliweka kwenye nyama ya samaki, miligramu 0.3 kwa kilo. Tuletee watano sita wa aina moja na uwapime urefu, kwa sababu samaki mzee amelimbikiza zaidi, ukileta wadogo mwaka huu na vibabu mwaka kesho utadhani mto umeharibika kumbe ni umri tu. Lete na tope la pale palipotuama. Maji kama bado unayataka, chota mara mbili, kiangazi na siku mto umejaa, na njoo na mwenzako, mmoja ashike chupa tu, mwingine ashike vingine vyote, maana kwenye nanogramu hata vumbi la kiganja linaharibu majibu. Chupa tunatoa sisi, ya glasi, imeoshwa kwa asidi. Ile ya soda hatujui ilibeba nini kabla, na zebaki kidogo namna hiyo huganda kwenye kuta za chupa tukapima maji yaliyobaki bila yenyewe.