Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vito vya Kisasa, Mbele na Nyuma

Ndugu Wanachama,

Mwaka huu kamati ya uteuzi ilipokea kazi nyingi zilizopendeza kwa mbele na kutia aibu kwa nyuma. Nalisema hili mapema kwa sababu sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu mgongo wa bruchi, yaani pambo linalobanwa kwenye nguo kwa pini. Mapato na matumizi yamo kwenye jedwali la mweka hazina mtakalogawiwa mkutanoni. Hapa nitashika kazi yenyewe.

Mafunzo ya mwaka yalifuata historia ya usonara wa kisanaa. Tulianza na sonara Mfaransa René Lalique, ambaye mwaka 1900 maonyesho ya dunia yalipofanyika Paris alikuwa tayari anatumia pembe, kioo na enameli (kioo cha rangi kinachoyeyushwa juu ya metali) pale ambapo wenzake wangeweka almasi. Tukapita kwa mchongaji Mmarekani Alexander Calder, aliyefua waya wa shaba na fedha kwa nyundo, akauzungusha na kuunganisha vipande kwa kuvikunja na kuvifunga, bila lehemu. Kazi zake zilikuwemo katika maonyesho ya vito vya kisasa vya mkono yaliyofanywa mwaka 1946 na Museum of Modern Art, New York. Mwaka 1961 Goldsmiths' Hall, ukumbi wa chama cha masonara wa London, ikaandaa maonyesho ya kimataifa ya vito vya kisasa, yakianzia kazi za 1890. Baadhi ya wachoraji na wachongaji walioalikwa hawakuwa wamewahi kutengeneza hata pete.

Kishindo hasa kilikuja mwaka 1967. Wasanii wa Uholanzi Gijs Bakker na Emmy van Leersum walionyesha kola kubwa za alumini kwenye Stedelijk Museum, Amsterdam, na swali likageuka: pambo si la kuonyesha mali tena, ni umbo linalokutana na mwili. Mwaka 1980 sonara Mswisi Otto Künzli alifunika tufe la dhahabu ndani ya bangili ya mpira mweusi, akaiita Gold macht blind, yaani dhahabu hupofusha. Anayeivaa haioni dhahabu. Inambidi aamini tu kwamba imo.

Wako walioichukua historia hiyo kama ruhusa ya kutumia chochote. Ruhusa ipo, lakini kila malighafi ina masharti yake. Mpira uliopikwa kwa salfa huifanya fedha iwe nyeusi ukigusana nayo, hata ndani ya boksi lililofungwa. Kwa mwanga na hewa, mpira huohuo hukauka ukapasuka. Anayetaka mwonekano wa mpira karibu na fedha atumie silikoni isiyo na salfa.

Warsha ya titani ilivuta watu wengi kuliko zote. Rangi ya titani si rangi ya kupaka. Ni utando mwembamba wa oksidi unaocheza na mwanga, na unene wake hufuata volti. Kwenye volti 30 hivi unapata buluu, kwenye 55 manjano, na ukizidi 75 unaingia zambarau. Kipande huzamishwa kwenye maji yanayopitisha umeme, kikiwa kimefungwa upande chanya wa umeme wa mkondo mnyoofu. Ndoano inayokishika na kuzama nacho majini nayo iwe ya titani, maana ya shaba hunyonya mkondo wote na kipande kikabaki kijivu. Mabaka mengi tuliyoyaona yalikuwa alama za vidole: safisha, suuza, kisha usiguse tena. Ukitaka rangi kadhaa anza na volti ya juu huku sehemu nyingine zimefunikwa, kisha uzifunue, ushuke. Volti ndogo haibadilishi palipokwishapata kubwa. Ukianza chini utajuta. Glavu za mpira ni lazima, na usitie mkono majini umeme ukiwa umewashwa. Kulehemu titani kwa moto wa kawaida wa sonara hakuwezekani, kwa hiyo panga ribiti zako (misumari midogo ya kugongea inayounganisha vipande) kabla hujakata bati.

Sasa bruchi. Kazi nyingi zilizorudishwa zilikuwa na pini ya fedha 925 (sehemu 925 za fedha kati ya 1000) iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye mgongo. Moto wa lehemu huilegeza fedha. Pini hiyo hupinda mara ya tatu inapovaliwa, na kuikunja huku na huku ili iwe ngumu tena huiponyesha nusu tu. Lehemu bawaba ya pini na ndoano inayoikamata ncha yake peke yake, maliza tindikali na usafi wote, halafu mwisho kabisa funga kwa ribiti pini ya chuma cha pua chenye mnyumbuko, unene wa milimita 0.8 hadi 1. Ikiwa wazi, isimame juu kidogo ya ndoano, ili kuifunga kuwe ni kuikandamiza. Pini isiyosukuma hujifungua yenyewe.

Mahali pa pini nako kunakosewa. Ukiiweka katikati, bruchi nzito huinama mbele na kuutazama mguu wa mvaaji. Iweke kwenye theluthi ya juu. Ukiangalia kwa nyuma, bawaba iwe kulia, ndoano kushoto, mdomo wake ukitazama chini: hapo uzito wa bruchi wenyewe ndio unaoibana pini ndani. Ncha ichongwe taratibu kwa urefu wa sentimita moja au zaidi, ing'arishwe, isiachwe na kona. Ncha fupi yenye bega hukata nyuzi za kitambaa. Kwa kazi inayozidi gramu 30, kamati itadai pini mbili sambamba.

Lingine dogo: koleo za chuma zisiingie kwenye tindikali ya kusafishia. Fedha hutoka na utando wa rangi ya shaba, kisha lawama zinaenda kwa aliyeuza lehemu.

Kuanzia maonyesho yajayo kila kazi iambatane na kadi inayotaja kila malighafi, aina ya gundi, namna viungo vilivyofungwa na uzito kwa gramu. Plastiki itajwe kwa jina lake, akriliki au PVC, kwa sababu kuzeeka kwake si kumoja na mtunzaji wa baadaye hawezi kubahatisha. Kadi tupu ziko kwa katibu. Kazi itakayokuja bila kadi haitafunguliwa.

Mwenyekiti