Mwalimu wa gerezani asiitwe kulinda gari la korti

Mhariri,

Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wengi tulishangilia, lakini shule za gerezani zilipoteza mtihani uliozifaa sana. Mfungwa aliyeacha masomo utotoni aliweza kujiandaa, akaketi kwa siku chache, akapata cheti kile kile alichopata mtoto wa kijijini kwao. Chini ya mtaala mpya wa umilisi (CBC), alama za kumvusha mwanafunzi kutoka Gredi ya Tisa hukusanywa kwa miaka: asilimia 60 hutokana na tathmini ya gredi hiyo, 20 na tathmini ya Gredi ya Sita, na 20 zilizobaki na kazi za Gredi ya Saba na ya Nane zinazosimamiwa na mwalimu shuleni. Mtu anayeweza kuhamishiwa gereza jingine wakati wowote atazikusanya vipi?

Nauliza kwa kuwa nimewahi kujitolea kufundisha Hisabati katika gereza moja la Bonde la Ufa. Afisa aliyesimamia darasa alikuwa na stashahada ya ualimu, ila katika orodha ya zamu alihesabiwa kama askari mwingine yeyote. Gari la kupeleka mahabusu kortini lilipopungukiwa na mlinzi, aliitwa yeye. Aliacha chaki mezani, na mfungwa aliyefika kidato cha nne akaendelea na somo la desimali hadi wakati wa chakula. Simlaumu mkubwa wake, maana hakimu hangoji. Kwa mtihani wa kuandika, pengo hilo lilizibwa na bidii ya wanafunzi wenyewe. Kwa kazi ya vitendo, ambayo mwalimu ndiye anayeishuhudia na kuitia alama, halizibiki.

Kanuni za Mandela kuhusu jinsi wafungwa wanavyopaswa kutendewa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka elimu ya wafungwa ioane na mfumo wa elimu wa nchi ili wakiachiliwa waendelee bila tatizo, na zinataka pia huduma za walimu ziwe za kudumu, bila kuwatenga wanaojitolea kama mimi. Kurutu anayepitia chuo cha askari magereza cha Ruiru lazima afunzwe gwaride na silaha, na sina ugomvi na hilo. Ninachoomba ni kwamba maafisa wenye taaluma ya ualimu wapewe mafunzo ya mtaala mpya na ya kufundisha watu wazima, kisha wapangiwe kazi hiyo pekee, wakipandishwa vyeo kwayo. Na kama vile hati ya kifungo inavyomfuata mfungwa kila anakohamishwa, rekodi ya alama zake nayo imfuate.

Kwa sasa, Idara ya Magereza iuambie umma ni maafisa wangapi waliokwisha kufunzwa mtaala huu, na wako magereza gani.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru