Barua kwa mwanangu: hasi mara hasi

Tandahimba, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Sisi huku hatujambo, baba yako na bibi wanakusalimu. Shamba la korosho limeanza kudondosha, kwa hiyo mchana sina nafasi, nakuandikia usiku.

Umesema darasani mmeambiwa mkariri tu: hasi mara hasi ni chanya. Limenikera hilo. Kanuni isiyo na sababu ikikutoka kichwani siku ya mtihani, huna pa kuitafuta. Na sababu ipo, tena unaiweza.

Anza na makato ya korosho, unayajua tangu mdogo. Mkulima akikatwa shilingi 2,000 mara tatu, malipo yake yamepungua 6,000. Hiyo ni 3 × (−2,000) = −6,000. Sasa chama cha msingi cha ushirika kikakagua hesabu, kikaona makato hayo matatu hayakustahili, kikayafuta. Kufuta ni kuondoa, na kilichoondolewa ni makato: (−3) × (−2,000). Mkulima kapata au kapoteza? Shilingi 6,000 zimemrudia.

Mfano huo unakuonyesha njia, ila haumfungi mdomo mbishi. Atasema hizo ni pesa, namba ni kitu kingine. Na wewe, nakufahamu, ni mbishi. Basi chukua kalamu.

Unakubali kwamba 3 + (−3) = 0. Zidisha pande zote mbili kwa −2. Kulia unapata sifuri, maana chochote mara sifuri ni sifuri. Kushoto una −2 × [3 + (−3)]. Fungua mabano kama unavyofungua siku zote: (−2 × 3) + (−2 × −3). Kipande cha kwanza ni −6, hakina ubishi, ni −2 kujumlishwa mara tatu. Kwa hiyo:

−6 + (−2 × −3) = 0

Namba gani ukiijumlisha na −6 unapata sifuri? Ni 6, hakuna nyingine. Ukishikilia kwamba jibu ni −6, kushoto utakuwa na −12 na kulia sifuri. Itakubidi useme mabano hayafunguliwi hivyo, na ukishasema hivyo aljebra yote uliyojifunza inabomoka. Ndiyo maana naipenda hoja hii kuliko ile ya makato: haikuombi uamini kitu kipya, inakudai tu usigeuke ulichokwisha kukubali.

Wala usijione mzito. Mhindi Brahmagupta aliandika kanuni hii mwaka 628, akiziita namba chanya mali na namba hasi madeni: deni mara deni ni mali. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1758, Mwingereza msomi Francis Maseres alichapisha kitabu kizima kupinga namba hasi kutumiwa kama namba zinazosimama peke yake. Watu wazima wenye elimu yao walikuwa bado wanabishana juu ya jambo unalouliza wewe kidato cha kwanza.

Sasa fanya mwenyewe (−5) × (−4), ukianzia 4 + (−4) = 0, andika kila hatua. Halafu nitumie jibu la hili: hasi tatu zikizidishana zinaleta nini, na kwa nini? Usimuulize mtu kwanza.

Mama yako