Wauguzi wa figo wasihamishwe ovyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wakuu wa afya katika kaunti zetu kuhusu desturi ya kuwahamisha wauguzi wa vitengo vya figo mara kwa mara, kana kwamba kusafisha kwa mashine damu ya mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa ni kazi ya yeyote aliye kwenye zamu.

Tangu mwaka 2015, serikali ya kitaifa ilipoanza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali za kaunti, wagonjwa wengi wamepata mashine za kusafisha damu karibu na kwao. Kwa bahati mbaya, mashine zilifika kabla ya wataalamu. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC) hutoa stashahada ya juu ya uuguzi wa figo, nayo ni mafunzo ya maana: muuguzi huelewa, kwa mfano, kwa nini maji yanayoingia kwenye mashine, ambayo hufikia takriban lita 120 kwa kipindi cha saa nne, lazima yaondolewe dawa ya klorini isije ikapasua chembechembe nyekundu za damu. Hata hivyo, ujuzi wenyewe hukomaa kando ya kitanda.

Mgonjwa aliyeunganishwa ateri na vena (mishipa ya kutoa na kurudisha damu moyoni) mkononi, ili upatikane mshipa mpana wa kudungwa sindano za mashine, husubiri wiki kadhaa kabla mshipa huo haujawa tayari kudungwa. Muuguzi mzoefu huupapasa kwanza kwa vidole, akahisi mtetemo wake, akausikiliza kwa stetoskopu, kisha akachagua mahali mbali na tundu la juzi. Asiyeuzoea akipitiliza sindano, damu huvujia ndani, mkono ukavimba, na huenda matibabu ya siku hiyo yakaahirishwa. Naye anayedunga palepale kila mara huudhoofisha mshipa ambao mgonjwa anautegemea kuishi, na mwilini hamna mingi ya kuchukua nafasi yake.

Kuna pia dalili zinazotangulia mashine. Muuguzi aliyemhudumia mgonjwa kwa muda mrefu humwona akipiga miayo na kunyamaza ghafla, akatambua kuwa presha inashuka, akapunguza kasi ya mashine ya kutoa maji ya ziada mwilini kabla kengele yake haijalia. Ndiye pia anayeweza kutambua kwamba kilo mbili zilizoongezeka ni za mwili ulioanza kula vizuri, si za maji, akamwarifu daktari uzito unaolengwa, yaani ule ambao mgonjwa anapaswa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa, ubadilishwe.

Kitengoni mwetu, mwenzetu aliyehitimu masomo hayo alipelekwa wodi ya uzazi, na wagonjwa wakaanza kuulizia zamu yake iko lini. Iliniuma sana.

Napendekeza muuguzi aliyesomea figo asihamishwe kabla ya miaka mitatu ila kwa ombi lake mwenyewe. Wageni nao wafanye kazi bega kwa bega na mzoefu kwa miezi isiyopungua mitatu, waanze na mishipa iliyokomaa, na wasiachiwe kudunga peke yao hadi mzoefu huyo atie sahihi kwamba wako tayari. Saa anazotumia kufundisha zihesabiwe katika ratiba yake ya kazi, kwa sababu hivi sasa anafundisha huku akihudumia wagonjwa wake wote kama kawaida.

Muuguzi wa kitengo cha figo,
Pwani